Muhuri wa Posta na Kiwanja cha Chuo

Ajenda ya nne katika kikao cha kamati ya msikiti wetu hapa Tanga, mwezi wa Rajabu uliopita, ilikuwa fupi kuliko zote: ada ya sanduku la posta, ilipwe au isilipwe. Mweka hazina alisoma deni la miaka miwili, akainua macho, na vijana wawili wakasema kwa pamoja kwamba sanduku lirudishwe. Hoja yao haikuwa nyepesi. Taarifa zote siku hizi hutufikia kwa simu, na mara ya mwisho sanduku lilipofunguliwa mlikutwa kalenda ya mwaka uliopita pamoja na bahasha ya mtu mwingine. Sisi tuliobebeshwa ukatibu, hatufichi, tulikuwa upande wa vijana. Hata hivyo tuliagizwa kwanza tupekue kumbukumbu za zamani, tujue ni nani waliozoea kutuandikia, ili waarifiwe.

Kumbukumbu hizo zimo katika kasha la bati lililokaa miaka mingi kwenye chumba cha jeneza. Siku tuliyolitoa nje, mzee mmoja wa jamaa zetu, ambaye umri wake umepita miaka 80 na ambaye hakosi safu ya kwanza, alikuja akaketi kwenye baraza kututazama.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, katibu. Mnalifungua leo? Basi msitupe kitu. Hata bahasha msitupe."

Tulidhani ni tabia ya wazee ya kuona huruma kwa kila karatasi. Kumbe alikuwa na sababu. Alipokuwa mtoto wa chuo, yeye ndiye aliyetumwa na maalimu wake kwenda posta kuchukua barua za msikiti, na alikumbuka bahasha moja ambayo maalimu aliipokea kwa mikono miwili.

Wasomaji wa mjini kwetu wanajua kwamba kiwanja cha nyuma ya msikiti, kilipo chuo cha Qurani, kina mgogoro. Upande wa pili unadai kwamba marehemu baba yao alipewa kiwanja hicho mwaka 1961, na kwamba watoto wa chuo walikaribishwa tu kwa hisani. Sisi tulikuwa na maneno ya wazee, na maneno ya wazee hupungua kila mwaka pamoja na wazee wenyewe. Ndani ya kasha tulikuta barua ya serikali, kwa Kiingereza, ikikiri kupokea ombi la msikiti la kiwanja cha "Koran school" na kusema kwamba mahali pameshapimwa. Furaha yetu ilidumu dakika moja. Mchwa walikuwa wamekula kona ya juu ya karatasi, penye tarehe.

Bahasha ilisalimika. Juu ya stempu yenye sura ya Malkia Elizabeth kuna mviringo mweusi, na ndani ya mviringo, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, jina la mji na tarehe ya mwezi Machi 1957.

Mwanasheria tuliyemwendea aliitazama kwa muda, kisha akatuuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake: muhuri huu ulikuwa wa ofisi gani, iliyokuwa chini ya nani, na ulipigwaje? Baraza litataka kujua kwa nini mviringo wa wino uaminiwe kuliko ulimi wa mtu. Ndipo tukaanza kusoma habari za ofisi ya posta ya wakoloni. Haya tunayoyaandika ndiyo tuliyoyakusanya, nasi tumeyaona yana manufaa kwa familia nyingi zenye makasha kama letu.

Kabla ya posta, pwani yetu haikuwa kimya. Barua ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, zikakabidhiwa manahodha wa majahazi na wakuu wa misafara, na zilifika kwa uaminifu wa mbebaji. Sayyida Salma binti Said, mtoto wa Sultani wa Unguja, alijifunza kuandika kwa siri kwa kuigiza herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, na mwaka 1859, katika fitina ya nduguye Barghash, kalamu yake ndiyo iliyoandika barua za wenzake kwa sababu hawakuwa na mwandishi mwingine wa kumwamini. (Dada zetu wa ukurasa wa familia watasamehe, kisa chake ni kirefu, nasi tunarudi kwenye posta.) Kilichokosekana katika mawasiliano yale ni mtu wa tatu. Kulikuwa na mwandishi na mpokeaji, lakini hapakuwa na shahidi asiye na upande wa kusema barua hii ilipita hapa siku hii.

Shahidi huyo aliletwa Unguja na Wahindi, au tuseme kwa usahihi, na serikali ya Kiingereza iliyotawala India. Mwaka 1868 ofisi ya posta ya India ilifunguliwa Unguja chini ya ubalozi wa Uingereza. Ilifungwa mwaka uliofuata. Ikafunguliwa tena mwaka 1875, wakati huu ikadumu, kwa kuwa mambo mawili yalikuwa yamebadilika: mfereji wa Suez ulikuwa wazi tangu 1869, na kuanzia 1872 meli za kampuni ya British India zilianza safari za mara kwa mara kati ya Aden na Unguja. Posta ya siku zile ilikuwa mtumwa wa meli. Penye ratiba ya meli ndipo penye posta. Mkubwa wa ofisi ile alikuwa Bombay, stempu zilikuwa za India, na aliyetuma barua kutoka Unguja alilipa kwa anna na rupia. Mwaka 1879 ukalazwa waya wa simu ya maandishi chini ya bahari kutoka Aden kupitia Unguja hadi Afrika ya Kusini, na habari iliyosafiri wiki kadhaa ikawa ya saa chache kwa mwenye fedha za kuilipia.

Kisha wakaja wengine. Wafaransa walifungua posta yao Unguja mwaka 1889. Wajerumani wakafungua yao Agosti 1890, wakaifunga Julai 1891. Kwa hiyo kwa karibu mwaka mmoja, mji uleule mmoja wa Sultani ulikuwa na posta tatu za dola tatu za kigeni, na mwenye mji hakuwa na hata moja. Tumelisoma jambo hili mara kadhaa na kila mara limetufikirisha. Kugombea posta kulikuwa ni kugombea nchi kabla ya bunduki. Novemba 1895 ofisi ya India ilikabidhiwa kwa utawala wa Kiingereza wa Unguja, stempu za India zikagongwa jina la Zanzibar juu yake, na mwaka 1896 zikachapishwa stempu zenye sura ya Sayyid Hamad bin Thuwaini. Mwaka huohuo, mwezi wa Agosti, Sayyid Hamad alifariki, na siku mbili baada ya kifo chake manowari za Kiingereza zikaipiga mizinga jumba la kifalme. Wafaransa walifunga posta yao mwaka 1904.

Huku bara, Wajerumani walifungua posta Lamu mwaka 1888, kisha Bagamoyo na Dar es Salaam mnamo tarehe 4 Oktoba 1890, na baadaye Tanga na bandari nyingine. Stempu zao zililetwa kutoka Ujerumani zikiwa zimegongwa thamani ya pesa, ambapo pesa 64 zilifanya rupia moja, hadi mwaka 1905 walipobadili hesabu ikawa heller 100 kwa rupia. Meli iliwaishia pwani. Kutoka hapo mfuko wa barua ulibebwa na tarishi, mtu wa miguu, akaupokeza kwa tarishi mwingine, na huyo kwa mwingine, mpaka Tabora na Ujiji. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Kabla ya hapo kila barua ya bara ilitembea. Katika vitabu tulivyovisoma majina ya mabwana posta yapo, na picha za majengo zipo. Majina ya matarishi hayapo. Tunasema hivi bila kinyongo, ila tunasema.

Serikali ile ilitaka kujua kila barua inapita wapi, na kuna kisa kimoja kinachoonyesha hofu yake. Mwaka 1908, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji, ulizuka Lindi waraka ulionasibishwa na Makka, ukionya juu ya mwisho wa dunia na kuwahimiza watu watubu. Ulinakiliwa kwa mkono, ukasomwa misikitini, ukaenea mji hadi mji kando ya pwani bila stempu wala muhuri. Watawala waliingiwa na taharuki kubwa, wakauita hatari kwa dola, wakafanya upelelezi na kukamata watu. Waraka wenyewe unafanana mno na ule wasia wa ndoto ya Sheikh Ahmad ambao hadi leo hutufikia kwenye WhatsApp ukitutaka tuusambaze kwa watu ishirini, na ambao masheikh wetu hawachoki kuukanusha. Kilichowatisha Wajerumani, kwa maoni yetu, si maneno yaliyokuwamo. Ni kwamba maneno yalisafiri na wao hawakuwa njiani.

Vita Vikuu vya kwanza vilipokata njia ya bahari, stempu ziliwaishia Wajerumani. Mwaka 1916 walichapisha nyingine kwenye matbaa ya misheni ya Wuga, hapo juu milimani Usambara, jirani zetu hawa. Kabla hazijatumika, meli iliyopenya vizuizi vya Waingereza ilileta shehena iliyokuwa na stempu halisi, na zile za Wuga zikazikwa ardhini zisitekwe. Baada ya vita zilifukuliwa zikauzwa kwa wakusanyaji wa Ulaya. Waingereza nao, kila walipoteka mahali, waligonga herufi zao juu ya stempu: kisiwa cha Mafia tangu 1915, jeshi lililotoka Nyasaland mwaka 1916, kisha herufi G.E.A. kwa nchi nzima. Mwaka 1922 zikaja stempu za Tanganyika zenye kichwa cha twiga. Mtu aliyebaki Tanga bila kuhama nyumba, kati ya 1914 na 1922, angeweza kupokea barua chini ya tawala mbili na aina nne za stempu.

Hapa sasa ndipo inapoingia bahasha yetu. Kenya na Uganda zilikuwa zimeunganisha posta zao tangu 1903, na mkubwa wake, Postamasta Mkuu, alikaa Nairobi. Mwaka 1933 Tanganyika ikaingizwa katika idara hiyohiyo moja, na kuanzia 1935 stempu zikaandikwa majina ya nchi zote tatu. Mwaka 1948 ilipoundwa Kamisheni Kuu ya Afrika Mashariki, posta na simu zikawa chini yake. Basi mwaka 1957 karani wa posta aliyepiga muhuri hapa Tanga hakuwa mtumishi wa ofisi ya ardhi iliyoandika barua, wala hakuwa mtu wa msikiti, wala hakuwa chini ya Gavana wa Dar es Salaam peke yake. Alikuwa chini ya idara ya nchi tatu yenye kanuni zake. Mwanasheria aliposikia hili alitabasamu kwa mara ya kwanza.

Namna muhuri ulivyofanya kazi tumeelezwa na mzee wetu wa baraza, na baadaye na mstaafu mmoja wa posta aliyetukaribisha kwake kwa kahawa na kashata. Muhuri ulikuwa wa chuma, wenye jina la mji lililochongwa moja kwa moja, na vipande vidogo vya tarehe vilivyobadilishwa kila asubuhi kabla dirisha halijafunguliwa. Baada ya kubadilisha, karani aliupiga kwanza kwenye daftari, ili kesho asibishane na mtu. Barua ya rejista ilikuwa na heshima zaidi: ilichorwa mistari ya buluu iliyokatana, ikabandikwa namba, ikaandikwa kwenye daftari kila ilipobadili mikono, na mara nyingi ikapigwa muhuri wa pili nyuma ilipofika. Tuliposikia hivyo tulirudi mbio kwenye kasha. Chini kabisa, ndani ya kitabu cha mahudhurio ya chuo, tulikuta kikaratasi kidogo cha risiti ya rejista, muhuri wa Tanga, Novemba 1956. Ombi la maalimu lilikuwa limekwenda kwa rejista. Mtu aliyelipa senti za ziada mwaka ule, kutoka mfuko wa chuo ambacho ada yake ilikuwa mara nyingine kuni na mahindi, alijua anachokifanya.

Mstaafu huyo alitueleza pia jambo la madirisha. Wazungu walikuwa wakubwa wa idara, Wahindi na Wagoa walikaa dirishani na kwenye hesabu, na Mwafrika alianzia kubeba mifuko, kufagia na kutengeneza nyaya za simu. Yeye aliingia mwishoni mwa zama hizo, na siku aliyokabidhiwa muhuri wa tarehe, alisema, hakulala. Hatukumuuliza zaidi kwa sababu macho yake yalikuwa yamejaa.

Posta haikuwa barua tu. Tanganyika ilianzisha Benki ya Akiba ya Posta mwaka 1925, na wapo wazee wetu waliofungua vitabu vya akiba humo. Ndani ya kasha mna kimoja. Safu ya faida ina tarakimu, na pembeni, kwa hati za Kiarabu na wino wa zambarau, maalimu ameandika mara kwa mara kwamba kiasi hiki si chake. Hakuwa peke yake katika wasiwasi huo. Misri, mwanzoni mwa karne ya 20, posta ilipofungua mfuko wa akiba, Waislamu wengi waliweka fedha zao lakini wakakataa kupokea faida, na suala likafika kwa Sheikh Muhammad Abduh, aliyekuwa Mufti wa nchi, kisha likajadiliwa na wanavyuoni kwa miaka mingi katika kurasa za Al-Manar. Jarida hilo lilisomwa hata pwani hii. Lilifikaje? Kwa meli na kwa posta, kama zilivyosafiri baadaye nakala za Al-Islah la Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui kutoka Mombasa mwaka 1932, na Mambo Leo kutoka Dar es Salaam tangu 1923. Mfuko uleule uliobeba amri za Bwana Shauri ulibeba elimu yetu pia, naye hakuweza kuvitenganisha.

Wala hatuwezi kuzungumza barua katika Tanga tukamwacha Shaaban Robert. Akiwa karani wa serikali aliyehamishwa huku na kule, alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kwa miaka mingi, na mdogo wake alizitunza barua zote. Zilichapishwa kitabu mwaka 2002, zikianzia 1931 hadi 1958. Mshairi aliandika, lakini kitabu kipo kwa sababu kuna mtu aliyepokea na hakutupa. Tulimsomea mzee wetu habari hiyo, naye akasema tu, "Niliwaambia."

Unguja nako stempu ziliendelea kuwa zake hadi mwisho wa 1967, na tunataja jambo moja kwa ajili ya watoto wanaokusanya. Katika stempu zilizotolewa huko mwaka 1957, mwaka uleule wa bahasha yetu, kuna ya msikiti wenye mnara wa Malindi na kuna ya msikiti wa Dimbani, Kizimkazi, ambao maandishi ya mihrabu yake ni ya mwaka 500 Hijria. Ukipata moja katika albamu ya babu, usiibandue kwa mate.

Baada ya uhuru idara ikawa shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki, makao yake Kampala. Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Tanzania ikaunda shirika lake la posta na simu, nalo likagawanywa mwaka 1994, posta upande wake na simu upande wake. Madaftari ya zamani yalipita katika kuhama huko kote, na mengine hayakufika. Tulipoomba kuona daftari la rejista la 1956 katika ofisi moja, tulijibiwa kwa adabu kwamba halipo. Kwa hiyo tunachokishika ni kile kilichobaki upande wa mpokeaji.

Kamati ilikutana tena. Mweka hazina alisoma deni, na safari hii mmoja wa wale vijana wawili ndiye aliyetoa hoja kwamba lilipwe, pamoja na ada ya mwaka huu. Mwenzake hakubadili msimamo, akasema ushahidi wa zamani si sababu ya gharama mpya, na anwani za makazi sasa zipo hadi mlangoni. Tuliandika hoja yake katika muhtasari kwa sababu ina uzito. Kura zilikuwa tano kwa mbili.

Shauri litasikilizwa baada ya Idi, inshaallah. Bahasha na risiti vimewekwa katika mfuko wa plastiki kwa mweka hazina, na nakala ziko kwa mwanasheria. Upande wa pili ni majirani zetu, tunasali nao, na juzi walituletea futari kama kawaida; tunaomba wasomaji wasiwaseme vibaya. Tunaloomba jingine ni hili. Ombi la 1956 lilitiwa saini na wazee watano. Wawili tunawajua. Watatu walihama, na wajukuu wao yumkini wako Mombasa, Unguja au Dar es Salaam wakisoma gazeti hili. Aliye na kasha la marehemu wa Tanga wa miaka hiyo, alifungue, atazame barua zilizopigwa muhuri kati ya Novemba 1956 na mwisho wa 1957, asizitoe ndani ya bahasha zake, na atuletee habari msikitini siku yoyote baada ya sala ya alasiri.